Udongo Uliochujwa Bure

Makwale, jioni, wewe bado uko Njisi

Atupele mwanangu,

Kama umeikuta karatasi hii, basi ulikuwa unatafuta kitu kingine. Tulia. Hicho kitu kipo, kizima, wala hakijaguswa na panya. Nitakwambia kilipo mwishoni, maana nikikwambia sasa hivi hutasoma. Nakujua. Kaa juu ya begi lako usome kwanza.

Umekwenda kumuaga shangazi yako, na ninavyomfahamu dada yangu, hakuachii mpaka ule mara mbili na ubebeshwe kuku. Kwa hiyo nina nafasi. Mama yako anakukaangia samaki wa njiani, na kila akipita ananiuliza, "Unaandika nini wewe, wosia?" Nimemwambia namwandikia mwanamke mwingine barua ya mapenzi. Amecheka, akasema nimsalimie huyo mwanamke na pole yake. Basi unasalimiwa.

Mambo ya kula vizuri, kufunga mlango, kutotoa simu barabarani, nimemwachia yeye. Ameyapanga tangu Jumapili, utayasikia yote. Mimi nina jambo moja, nalo ni lile lililoniacha mdomo wazi mpaka mama yako akaniuliza kama nimepooza. Unajua mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilikaa dirishani. Kwa hiyo nikikosea jina la kitu, nisahihishe kimyakimya.

Kwa miaka miwili nilikuwa naringa kijiweni kwamba binti yangu ametengeneza programu. Mtu anapasua punje ya kakao, anaipiga picha kwa simu, na simu inamwambia kama imevundikwa ikaiva au bado. Nilidhani unaiuza. Nilishachagua na rangi ya bati. Kisha siku ile uko jikoni unapepeta mchele, ukasema bila hata kuinua kichwa kwamba unaigawa.

"Unaigawa?"

"Ndiyo, baba. Ni programu huria. Mtu yeyote anaichukua, anaifungua aone ilivyoundwa, anairekebisha akitaka."

"Bure?"

"Bure."

Nilikutazama kama mtu aliyeambiwa mwanawe amejiunga na kwaya ya wachawi. Nikamwita mama yako aje asikie. Yeye akasema, "Kwani udongo wa kwetu Ikombe unauzwa?" akarudi kwenye moto wake. Sikumwelewa siku ile. Ningemwelewa, ningeficha uso.

Mshtuko wa pili ulikuja wiki hiyohiyo. Nilikuwa nimezoea kukuona ukicheka na kompyuta, ukisema "wa paka amerekebisha hiki, wa paka ameleta kile." Nilimdhania mwanafunzi mwenzio, mtu mwenye picha ya paka badala ya uso. Kumbe ni mhandisi wa watu, mtu mzima, kampuni kubwa ya chokoleti ng'ambo inamlipa kila mwezi, yeye na wenzake wawili, na kazi waliyopewa ni kuitengeneza programu yako. Ambayo ni ya bure. Ambayo si yao.

Nikakuuliza kama hiyo kampuni ina akili timamu.

Uliweka ungo chini, ukaniuliza, "Baba, mlipojenga lile daraja la magogo pale mtoni, mwenye lori hakuleta misumari?"

"Alileta. Ndoo nzima."

"Kwa nini?"

"Lori lake lilikuwa linakwama kila masika."

"Haya. Nao lori lao linakwama."

Ukanieleza taratibu, kama mwalimu wa watoto wagumu. Kwamba wao hawauzi programu, wanauza chokoleti. Kwamba kila mkulima akijua mwenyewe punje iliyoiva, kakao nzuri inawafikia bila wao kuweka mkaguzi kila kijiji. Kwamba kutengeneza yao peke yao, kuanzia mwanzo, kungewachosha kuliko kuongeza mikono kwenye yako. Na kwamba huku wanarekebisha, wanakutazama. "Miaka miwili ya kufanya kazi na mtu, baba, ni usaili mrefu kuliko wa ofisini." Nikasema, kumbe wanachumbia! Ukanirushia makapi ya mchele.

Nilikaa na hilo siku kadhaa. Kusema kweli, nililipenda. Kumbe ukarimu una mlango wa nyuma, na nyuma ya mlango kuna mtu ana haja zake, na haja zake zinaweza kukufaa na wewe. Mwenye lori alipita darajani, na mama mjamzito akapita darajani. Nani wa kulalamika? Nikaanza kuwahubiria watu kijiweni habari za programu huria kama vile niliizaa mimi. Niliizaa kidogo, maana nilikuzaa wewe.

Ndipo ikaja wiki ya punje nyekundu.

Mama Lusajo ndiye aliyeanza. Nilimwona anarudi kutoka kwenye kituo cha kununulia, gunia bado liko kichwani. Nikamtania, kama kawaida yangu: "Shemeji, umelitembeza gunia au ndilo limekutembeza?" Hakucheka. Akasema simu ya mnunuzi imekataa kakao yake, imeonyesha rangi nyekundu, imeandika BADO. Na mimi, Kyala anisamehe, nikamwambia mbele za watu kwamba mjane mvivu huvundika siku mbili akasema sita. Watu walicheka. Akapita na gunia lake.

Kesho yake nikapima zangu, kwa kujiamini kabisa. Siku sita chini ya majani ya migomba, nimegeuza mwenyewe kwa mikono hii, harufu imetoka mpaka nyuki wamekuja kuuliza. Nikapasua punje. Nikapiga picha. Nyekundu. BADO. Nikapasua nyingine. BADO. Nikapasua ya tatu, nikaifuta simu kwa shati, nikaielekeza kwenye jua. BADO. Nilikuja mbio nyumbani na panga mkononi, majirani wakadhani nafukuza mtu.

"Gwe Atupele! Mashine yako inanitukana!"

Ulicheka. Ukachukua punje, ukaitazama kwa macho yako, ukaacha kucheka. Ukafungua kompyuta. Ukapekua humo muda mrefu hata kuku wakaingia ndani na hakuna aliyewafukuza. Kisha ukasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi. Nimeipitisha mimi."

Nilichoelewa ni hiki. Mtu yeyote anaweza kuleta rekebisho, lakini haliingii mpaka mwenye ufunguo aliangalie na kulikubali, na mwenye ufunguo ni wewe peke yako. Wa paka na wenzake walileta rekebisho kubwa, safi, la kuifanya programu iwe na macho makali zaidi. Na ni kweli ilipata macho makali. Ila waliifundisha macho hayo kwa punje za mashamba wanakonunua wao, huko mbali, ambako punje iliyoiva ni nyeusi kama kahawa. Ya kwetu ikiiva ni kahawia ya chungu kilichochomwa. Wewe ulikuwa umechoka, kazi yao siku zote ilikuwa safi, ukaikubali. Na tangu siku ile, kwa macho ya programu yako mwenyewe, Makwale nzima hatujui kuvundika kakao.

Hapo nilitaka vita. Nilikwambia waandikie, watukane kwa Kiingereza chote ulichosomeshwa. Uliandika, kwa adabu sana kuliko nilivyotaka. Na jibu lilikuja kabla ugali haujaiva. Wa paka alisema samahani sana, hawakuwa na picha za punje za huku, tuwatumie, watalirekebisha mara moja. "Mngetuambia," alisema.

Mwanangu, neno hilo lilinikalisha chini. Ulidhani ni malaria. Haikuwa malaria. Nilikuwa nimewahi kulisikia neno hilohilo, kwa Kiswahili, kabla hujazaliwa, na lilinikuta nina hatia. Hadithi hii mama yako anaijua na hajawahi kukusimulia kwa kunihurumia. Leo nakusimulia mimi.

Nilipomwoa mama yako, kwao Ikombe wanawake walikuwa wakifinyanga kama wanavyofinyanga hata leo. Udongo ulikuwa wa wote. Mwanamke anapanda kilimani na jembe lake, anachimba, anashuka nao, anautwanga, anaufinyanga. Vyungu vinavuka ziwa kwa mtumbwi mpaka sokoni Matema, vinaondoka. Basi akaja mfanyabiashara mmoja mwenye lori, mtu mpole, mwenye sauti ya shemasi. Akasema anawaonea huruma kina mama na kile kilima. Atajenga banda la kuanikia, bure. Ataweka vijana wake wachimbe udongo, wauchuje, waulete mpaka mlangoni, bure. Alihitaji mtu wa kuwaeleza wakwe zangu, na mkwe mwenye mdomo mrefu kuliko wote pale ufukweni unamjua.

Nilieleza vizuri sana. Bibi yako mzaa mama yako aliniuliza swali moja tu: "Yeye anapata nini?" Nikamwambia, "Mama, huyu ana moyo." Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama, kama mtu anayepima chungu kwa kukigonga. Akakubali, kwa kuwa magoti yake yalikuwa yanauma.

Na yule bwana akanipa redio. Hakusema ni ya nini. Alisema tu, "Mkwe, na wewe usikilize dunia." Nilikuwa mtu wa kwanza upande wetu kusikia mpira ukitangazwa nyumbani kwake. Watu walikuja kuketi uani kwangu. Nilikuwa nikiizungusha ile swichi kama waziri.

Banda lilijengwa kweli. Udongo ulikuja kweli. Laini, umechujwa, hauna hata kokoto. Bwana yule alikuwa na haja ya vyungu vya maua, vyembamba, vya kupeleka kwenye mahoteli, na kwa chungu cha maua udongo wa namna ile ndio wenyewe. Hakumkataza mtu kufinyanga vya kupikia. Wanawake walifinyanga vyote viwili kwa udongo uleule, maana ndio uliokuwa mlangoni. Na nani apande kilima wakati udongo uko mlangoni?

Siku moja mama yako aliinjika ndizi kwenye chungu kipya, kikapasuka ufa kama radi. Akasema, "Udongo huu ni laini mno." Nikamwambia, "Umeinjika vibaya." Atupele, nilijua. Si kwamba nilihisi, nilijua. Nimekua na vyungu, najua cha kupikia kinataka changarawe ndani yake ili kivumilie moto. Nilitakiwa kuvuka siku ileile nikawaambie wakwe zangu. Lakini siku ile kulikuwa na mpira. Na siku iliyofuata nikafikiri, nikisema, yule bwana atanionaje? Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Redio ndiyo iliyoniambia, tena haikusema neno.

Halafu kukawa na msiba kwa wakwe. Watu wamejaa, chungu kikubwa cha maharage kiko juu ya mafiga, kipya, kizuri, cha mkono wa bibi yako mwenyewe. Kikalia. Mlio kama bunduki. Maharage yakauzima moto. Watu walikaa kimya kuliko walivyokaa kwa ajili ya marehemu, maana marehemu hufa kila siku, lakini chungu cha Ikombe kupasukia mafigani hakuna aliyewahi kukiona.

Bibi yako alichutama akaokota vipande, akavisugua kwa kidole gumba. "Laini kama shavu la mtoto," akasema. "Udongo huu umetolewa mifupa."

Yule bwana mwenye lori alikuja na sukari ya msiba. Aliposikia alisikitika kweli, si kwa uongo. Akasema, "Mama, kumbe mlikuwa mnataka changarawe? Mngeniambia."

Sasa umeelewa kwa nini nilikaa chini.

Hakuiba udongo. Kilima kilikuwa palepale. Alichuja udongo wa haja yake, kwa jasho la vijana wake, na sisi tukaacha kuchimba. Walipotaka kurudi kilimani, njia ilikuwa imemezwa na nyasi, na wanawake vijana hawakujua kipimo, changarawe kiasi gani kwa udongo kiasi gani. Bibi yako ilibidi apande kwa fimbo, na magoti yale, awaonyeshe kwa vidole. Waliupata tena, lakini si wote. Kile chungu kikubwa cha pombe cha shingo ndefu hukukiona wewe. Hakuna aliyekumbuka mkono wake.

Na mimi bibi yako hakunipigia kelele. Afadhali angenipiga. Alikuja hapa Makwale, akala, akanawa, akasema, "Mkwe, iwashe hiyo redio tusikie ilikuwa inasema nini siku zote hizo." Nikaiwasha. Ilikuwa inatangaza bei ya pamba. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema "Ndaga fijo," akaondoka. Sijawahi kushukuriwa vibaya namna ile.

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi usiende. Nenda! Kampuni ya wa paka imeona kazi yako, inakupa mshahara kwenye ofisi yao ya Dar ufanye mchana kile ulichokuwa unakifanya usiku kwa kibatari na mbu. Mimi nimeshtuka, lakini sijawa mjinga. Wala simchukii wa paka. Baada ya kumtumia picha zetu alirekebisha, nami nilipima zangu mbele ya kijiwe kizima, kijani, NZURI, nikaenda kwa Mama Lusajo kumwomba radhi. Alinifanya nisubiri mlangoni mpaka jua likanichoma, halafu akaniambia, "Shemeji, umevundikwa sasa, ingia." Redio ile nami, ukiniletea leo, ningeipokea. Niliipenda. Ningekuwa mwongo kukwambia vingine.

Ila ningemtafuta mtu asiye na redio, nikampa jembe.

Ulinijibu wiki iliyopita, nilipoanza kulizungusha jambo hili na ukadhani naota uzee. Ulisema, "Baba, wakiharibu, mtu yeyote atachukua nakala aendelee nayo. Haiwezi kupotea." Na ni kweli. Kilima nacho hakikupotea. Nilitaka kukuuliza, mwanangu, atapanda nani? Lakini ulikuwa na furaha ya barua yako ya kazi, nikala ugali wangu.

Ulisema pia jambo lingine, kwa haraka, kama mtu anayeruka tope. Kwamba ukishaanza kazi, habari ya nani mwingine ashike ufunguo itabidi uizungumze na bosi. Na kwamba Mwalimu Rehema utampa ufunguo wa pili ukishafika Dar, ukitulia. Nimekuwa hai miaka mingi, Atupele. Mtu akishafika, hatulii. Utafika, utaoneshwa meza, utaoneshwa wa paka ana uso, utapewa redio. Hutanyamazishwa na mtu. Utaona tu kwamba leo kuna mpira.

Leo ufunguo ni wako peke yako. Jumatatu utakuwa na wa kumwomba ruhusa.

Yule mwalimu kaja kutoka Tanga, hakuwa na kakao hata ya kunusa, na ndiye aliyekaa nawe kwenye ile meza ya shule akipasua punje ya kwanza. Halipwi na wauza chokoleti. Halipwi vizuri hata na wanaomlipa. Siku zile za punje nyekundu alikuja mwenyewe na daftari la picha za msimu uliopita kabla hujamwita. Huyo anajua changarawe ni kiasi gani.

Nilikwenda kwake leo mchana. Aliponiona getini akasema, "Mzee, umekuja kunywa chai au kunichokoza?" Nikamwambia, "Vyote viwili." Nikanywa, nikamchokoza, nikaacha kifurushi mezani, nikamwambia utakipitia alfajiri. Amesema atakuwa macho. Watu wa swala ya alfajiri wanamshinda jogoo wetu. Sikumwambia neno lingine. Si ufunguo wangu. Na ukipita, ukachukua mzigo wako, ukaendelea na safari bila kusema kitu, sitakuuliza leo wala mwakani. Deni la kunyamaza kwangu ninalo kwa bibi yako, si kwako.

Sasa, kitu ulichokuwa unatafuta ulipoikuta karatasi hii. Chaja ya kompyuta yako. Usimuulize mama yako, hajui, na usipekue kuku.

Kwa Mwalimu Rehema ni njiani, kabla ya stendi. Nimempa bodaboda ahadi ya samaki mmoja ili akusubiri pale bila kupiga honi. Bila chaja huendi kazini, hilo hata darasa la nne nalijua.

Mimi nimepeleka chaja tu. Mengine mtayazungumza wenyewe.

Safari yako iwe ya kicheko, na chungu chako kivumilie moto.

Baba yako, mwenye mdomo mrefu